Kabla Ngoma Hazijaota Moto

Hajra hakukaa darasani hata siku moja. Namba alizijua kwenye noti na kwenye mizani ya ufuta, na herufi aliziona zote zinafanana, kama vifaranga vya kuku mmoja. Lakini mweke uwanjani penye ngoma tano zinalia, afumbe macho, atakwambia ngoma ya tatu imelegea upande wa kushoto na mpigaji wake ana njaa. Watu wa Narung'ombe waliposikia hivyo walicheka, kisha wakaenda kumuuliza mpigaji, wakakuta kweli hajala tangu jana.

Kazi ya kurekodi ilimjia bila kuitafuta. Mumewe, Faridi, alikuwa na kibanda sokoni Nachingwea, akiwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Mwaka mmoja mwalimu aitwaye Richard, ambaye alizoea kurekodi kwaya, alipata uhamisho, akawa anauza rekoda yake. Kilikuwa kidude cha kukaa kiganjani, chenye vipaza sauti viwili vilivyochomoza mbele kama pembe za konokono. Faridi aliitamani mpaka akakosa usingizi, ila mfukoni hakuwa na kitu. Hajra akauza magunia yake mawili ya ufuta, ya shamba alilolima kwa jembe lake mwenyewe kule Mandawa, rekoda ikanunuliwa. Siku za kufundishwa zilipofika, Faridi alikuwa kitandani anatetemeka kwa malaria. Aliyekwenda kukaa na Mwalimu Richard siku tatu ni Hajra.

Mwalimu alikuwa mtu wa subira. Alipoona mwanafunzi wake hajui kusoma, aliacha kitabu cha mashine, akamuuliza habari za ufuta.

"Dada, ukipima ufuta kwa kibaba, zile punje zisizojaza kibaba unazifanyaje?"

"Nazirusha kwa kuku."

"Na ukipima kwa kijiko cha chai?"

"Za kurusha zitakuwa chache sana."

"Basi umeshaelewa. Mashine hii nayo hupima sauti: biti kumi na sita ni kibaba, biti ishirini na nne ni kijiko. Sauti ndogo, kama pumzi ya mwimbaji kabla hajafungua mdomo, ukiipima kwa kijiko haipotei. Kwa hiyo weka ishirini na nne, teremsha kipimo cha sauti bila woga, ukifika nyumbani utaipandisha sauti na itakuwa safi. Ukitumia kumi na sita ukarekodi chini sana, siku ya kuipandisha utasikia kama mchanga unamwagwa."

"Na nikirekodi juu sana?"

"Hapo hakuna dawa. Mashine ina dari yake. Sauti ikigonga dari inakatwa kichwa, na hakuna fundi wa kukirudisha. Hii taa nyekundu ikiwaka, ujue umeshakata."

Hajra aliyashika maneno hayo yote. Lakini lipo jambo ambalo hata Mwalimu hakulijua, kwa sababu kwaya haziwambwi ngozi. Ngoma za huku hupigwa zikishaoteshwa moto. Wapigaji hukoka mabua ya mtama, wakazizungushia ngoma zao pale mpaka ngozi ikaze. Ngoma iliyokuwa ikisema *bu* kama gunia lililoanguka, ikirudi kutoka motoni inasema *ta!* na mbwa wanakimbia. Ukipima sauti kabla ya moto, umepima kitu kingine kabisa. Kwa hiyo Hajra alikuwa haigusi mashine mpaka ngoma zitoke motoni. Hapo humfuata mpigaji mkubwa na kumwambia, "Kaka, piga kama umemkuta mwizi na jogoo wako." Mpigaji akipiga, Hajra anateremsha kipimo mpaka ule mstari wa sauti kwenye kioo, ukiruka juu kabisa, uishie kwenye alama ya kumi na mbili, mbali na dari. Halafu anateremsha tena kidogo, maana anajua wanawake wakianza vigelegele, wanaume hupiga kwa kujionyesha.

Miaka tisa alifanya hivyo. Harusi, maulidi, siku za wari kutoka unyagoni, kuanzia Nachingwea mpaka Chunyu. Faridi alivaa hedifoni shingoni, akatembea mbele ya watu amekunja uso kama daktari, nao wakamwita Fundi. Hajra alikuwa amechuchumaa nyuma ya kistendi, kidole kwenye kitufe. Yeye walimwita mke wa Fundi, yule anayembebea begi.

Mwaka wa kumi Faridi alimpata Saada, binti mwenye saluni, kucha ndefu, anajua kupiga picha za simu na kuziweka mtandaoni. Talaka ya Hajra ilikuja kwa ujumbe wa simu. Yeye hakujua ni nini, alifikiri ni salamu za mwanawe Jamali aliyeko Dar es Salaam. Akampelekea msichana wa duka la kuchaji simu amsomee. Msichana naye, kwa ujinga au kwa raha, aliusoma kwa sauti, wateja saba wamesimama kaunta.

"Hajra, nimekuacha. Vitu vyako viko kwa balozi wa nyumba kumi. Mashine usiifuate, ni ya kazi yangu."

Wateja wakatazama simu zao. Mmoja aliuliza, "Sasa hiyo chaji bei gani?"

Hajra alirudi Narung'ombe kwa mama yake, ana ndoo moja, na vyombo, na nguo za kujaza mfuko wa salfeti. Mama yake, Bibi Zaina, alikuwa nyakanga, mkuu wa wale wanaowafunda wari, na mwimbaji ambaye hakuna aliyethubutu kusimama baada yake. Alipokuwa akianza wimbo kule chini mtoni, wanawake wa huku juu waliacha kutwanga. Binti yake alipoingia uani na ndoo yake, Bibi Zaina hakumwambia pole.

"Mume umemwachia nani?"

"Amenifukuza, Mama."

"Mwanaume hamfukuzi mwanamke anayejua kukaa naye. Mimi nimewafunda watoto wa watu wote wilaya hii, wangu mwenyewe ndiye amenishinda." Akamwonyesha chumba cha nyuma, kilichokuwa na mbegu za korosho. "Lala humo. Mbegu usizikanyage."

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka miwili. Hajra alilima, alipika, alichota maji, na uji ukichelewa mama yake aliupiga mkeka kwa kiganja kumwita. Na kila Faridi alipopita huku Ruangwa na pikipiki yake, alileta sukari kilo mbili kwa Bibi Zaina, naye alimpokea kwa mikono yote, "Karibu, mkwe wangu." Mkwe wangu! Hajra ndiye aliyekuwa akikoroga chai ya mkwe huyo, kwa sukari hiyo hiyo.

Kisha koo la Bibi Zaina likaanza kuuma. Kilianza kama kikohozi cha vumbi, kikawa uvimbe wa kushikika kwa vidole. Wakamzungusha hospitali mpaka wakafika kwa daktari aliyesema kweli bila kuipamba: uvimbe utakatwa, na kisanduku cha sauti kitakwenda nao. Atapumua kwa tundu la shingoni. Atakula, ataishi, hataongea tena. Tarehe ilipangwa, mwishoni mwa Julai.

Bibi Zaina hakulia. Alihesabu siku, akaona siku ya kutoka wari itatangulia hospitali kwa siku nne. Akasema, "Nitawatoa wari wangu kwa mdomo wangu. Na sauti yangu irekodiwe, ibaki. Mwari atakayezaliwa kesho naye aisikie."

Hajra alipiga magoti mbele yake. Hakuwahi kumwomba mama yake kitu namna hiyo, hata siku ya harusi yake.

"Mama, niache nikurekodi mimi. Nitamwomba Faridi mashine siku moja tu. Nitaiweka sauti yako mpaka pumzi."

Bibi Zaina alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia msikitini.

"Wewe? Ukaniharibie? Mashine ni kazi ya mwanaume, na mwenyewe yupo. Nimeshampigia."

"Mashine hiyo nilikuwa naiweka mimi, Mama. Miaka yote."

"Ndiyo maana kakuacha. Kiherehere."

Siku ikafika. Julai huku asubuhi ina baridi inayoingia mpaka kwenye kucha, na ngozi za ngoma zilikuwa zimelala kama viazi vilivyochemka. Ngoma nne zilikuwa za zamani. Ya tano, kubwa, ilikuwa mpya. Shaban, mpigaji mkuu, aliiwamba kwa ngozi ya ng'ombe aliyoipata kwa Nkwabi, mfugaji aliyehamia na mifugo yake kutoka Kanda ya Ziwa miaka michache nyuma. Nkwabi mwenyewe alikuja kuitazama ngozi yake, fimbo mabegani, akitaniwa na kila mtu.

"Nkwabi, ng'ombe wako leo atalia bila kuchinjwa tena!"

"Huyo alikuwa mbishi akiwa hai," akajibu Nkwabi. "Mmemvuta akakaza namna hiyo, ndiyo mtamjua."

Faridi alifika mapema, hedifoni shingoni, Saada nyuma yake na simu yake. Akasimamisha kistendi hatua nne kutoka kwenye ngoma, karibu na kigoda cha Bibi Zaina. Hajra alikuwa pembeni anaosha masufuria, lakini macho yake yalikuwa pale. Alimwona anabonyeza, anatafuta, anabonyeza. Aliiona namba aliyoiacha kwenye kioo. Kumi na sita.

Alijua kwa nini. Faridi alikuwa na kadi moja tu, ndogo, na alitaka siku nzima iingie humo, maana hajui wapi pa kuanzia na wapi pa kukomea. Kumi na sita haijazi kadi haraka. Na kwa kuwa ni kumi na sita, aliogopa ule mchanga, akapandisha kipimo juu. Shaban akaipiga ngoma kubwa kwa kiganja, ikasema *bu*, baridi, nzito, mstari ukapanda ukakaribia dari, ukatulia chini yake kidogo tu. Faridi akatabasamu.

Hajra aliacha sufuria. Miguu ilimpeleka yenyewe. Nkwabi alikuwa amesimama hapo karibu, akamwinamia.

"Mama Jamali, mimi si mtu wa mashine. Lakini ngozi ile ikipata moto itapasua masikio ya watu."

"Najua," akasema Hajra.

Ilikuwa kazi ya maneno matatu. Ngoja watoke motoni. Au, teremsha, weka ishirini na nne. Faridi alimwona amesimama, na woga wake wa zamani ukamrudia, ule woga wa mtu aliyevaa kanzu ya kuazima. Akashusha sauti ili Saada asisikie.

"Mama Jamali, hapo pametulia?"

Hajra alifungua mdomo kumwambia. Mungu anajua alikuwa anamwambia. Ndipo Bibi Zaina akageuza shingo yake iliyovimba pale kigodani, na kwa sauti ile ambayo watu walikuwa wamekuja kuizika, nzuri bado, nene kama asali ya porini, akasema:

"Unamuuliza huyo wa nini? Huyo asiguse mashine."

Wanawake wakacheka. Saada alicheka zaidi kuliko wote.

"Siigusi, Mama," akasema Hajra. Akamgeukia Faridi, akamtazama machoni. "Acha hivyo hivyo. Pametulia."

Akarudi kwenye masufuria yake.

Wapigaji walikwenda kwenye moto wa mabua, wakakaa kitambo, wakarudi wakiwa wanatokwa jasho. Shaban alipiga ngoma mpya mara moja, na watoto wakaziba masikio. Bibi Zaina akasimama. Aliimba nyimbo sita. Aliimba za kuwatoa wari, za kuwaaga mama zao, na wimbo wa mwisho alioutunga mwenyewe, usiojulikana na mtu mwingine, wa mwanamke anayeliacha koo lake njiani kama mzigo wa kuni. Watu wazima walilia kwa kwikwi. Kule kwenye kistendi taa nyekundu iliwaka kwenye wimbo wa kwanza, haikuzimika. Faridi alikuwa amesimama mbele ya kamera ya Saada, anatikisa kichwa, hedifoni shingoni. Hajra aliitazama ile taa toka mbali, mikono kwenye majivu na mchanga, anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Alihesabu nyimbo. Wimbo wa tatu alisimama. Akakaa tena.

Siku nne baadaye daktari alifanya aliloahidi.

Bibi Zaina alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, kitambaa shingoni, tundu linapiga mluzi akipumua. Wa kumhudumia ni Hajra. Kumsafisha tundu, kumchujia uji, kumgeuza. Bibi aliongea kwa kugonga mkeka: mara moja ni maji, mara mbili ni rudia, mara tatu ni ondoka. Na siku zote alikuwa akigusa sikio lake na kuelekeza kidole barabara ya Nachingwea. Alikuwa anaingoja sauti yake.

Faridi alikuja Ijumaa, baada ya swala, uani kumejaa watu. Alikuja na spika kubwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa. Alikuwa ameshasikiliza kila kitu kule kibandani kwake, na alikuwa amelala nacho siku nyingi akifikiri atatokaje.

"Mama mkwe," akasema, "na nyinyi wote mliopo. Kazi imeharibika. Lakini kabla hamjanilaumu, nataka mmsikie aliyeiharibu."

Hajra alikuwa ameshika bakuli la uji. Hakuelewa. Kwa desturi yake, mashine haiwashwi mpaka ngoma zitoke motoni, na haikumpitia akilini kwamba Faridi, kwa kuogopa kubabaika mbele ya watu, alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kurekodi tangu anasimamisha kistendi.

Spika ikalia. Sauti zilikuwa safi, kipimo kilikuwa kimewakaa sawasawa watu wa kuongea, mpaka unamsikia mtu anameza mate.

"...ngozi ile ikipata moto itapasua masikio ya watu."

"Najua."

"Mama Jamali, hapo pametulia?"

"Unamuuliza huyo wa nini? Huyo asiguse mashine."

Kicheko. Kicheko cha Saada juu ya vyote.

"Siigusi, Mama. Acha hivyo hivyo. Pametulia."

Faridi akasogeza mbele, akawasikilizisha wimbo wa kwanza. Haukuwa wimbo. Ilikuwa kama bati linachanwa na watu wawili wanaogombana. Ndani yake, mbali, kulikuwa na kitu kinachotaka kuwa mwanamke, na kila kikiinuka ngoma ya Nkwabi inakikata. Akasogeza wa pili. Akasogeza wa sita. Bati.

Hakuna aliyeuliza kwa nini Fundi hakujua ngoma huoteshwa moto. Hakuna aliyeuliza nani aliweka kumi na sita, wala kwa nini taa iliwaka nyimbo sita na mwenye mashine anapigwa picha. Walimtazama Hajra. Shaban akatema mate chini.

"Mama yako mzazi, Hajra."

Nkwabi alikuwa mlangoni. Alishusha fimbo, akasema polepole, "Nilimwambia. Akasema anajua." Kisha akaondoka, kama anaona haya kwa niaba ya ng'ombe wake.

Bibi Zaina hakufanya fujo, hana cha kufanyia fujo. Alimwangalia binti yake muda mrefu, mluzi wa shingo unapanda na kushuka. Halafu akanyoosha mkono, akagonga mkeka. Mara mbili.

Faridi alimwachia Bibi Zaina zawadi kabla hajaondoka: kiredio kidogo cha kuchomeka kadi, na kadi yenyewe ndani. Alisema hana kazi nayo tena.

Sasa ni miezi minane tangu siku ile. Kila asubuhi Hajra akishasafisha tundu, akishachuja uji, akishaufuta mdomo wa mama yake, mkeka unagongwa mara mbili. Anachukua kiredio. Kitufe anakijua bila kutazama. Anasikia sauti yake mwenyewe, safi, inasema najua. Anasikia anaposema pametulia. Kabla ngoma hazijaanza Bibi Zaina huinua kidole, na Hajra huzima. Nyimbo hazitaki. Wakati mwingine mkeka hugongwa tena, na tena, mpaka uji unapoa.

Jirani mmoja, Koleta, alimwambia siku moja kisimani, "Shoga, kadi yenyewe ndogo kama ukucha. Itupe chooni, useme imepotea. Atakufanya nini, atakutukana?"

Hajra alitua ndoo. Alishaifikiria hiyo. Usiku na mchana alishaifikiria. Alishaichomoa kadi mara mbili, mara ya pili akafika nayo mpaka kwenye mlango wa choo. Lakini sauti ya mama yake iliyobaki duniani, iliyo safi, yenye pumzi na kila kitu kama alivyomwahidi siku ile amepiga magoti, ni ile ya kigodani peke yake. Ni maneno saba. Akiitupa, hatakuwa na mama wa kumsikia tena.

"Haiwezekani," akamjibu Koleta, akajitwisha maji, akaondoka haraka maana jua lilikuwa limepanda na mkeka haungoji.

Alipofika, Bibi Zaina alikuwa ameshaamka. Hajra akakaa chini, akachukua kiredio kabla hajagongewa, akabonyeza, akakisogeza karibu na sikio lake mwenyewe.

"Unamuuliza huyo wa nini? Huyo asiguse mashine."

Sauti nzuri. Haikukatwa popote.